Jaribio Lililolegezwa

Ilpo Rautjärvi alileta pulla Jumatatu, na kila mtu ofisini akajua maana yake. Pale kwao aliyeharibu programu ndiye anayeleta pulla, ile mikate midogo ya hiliki, akaiweka kwenye meza ya kahawa saa tatu asubuhi bila hotuba. Wenzake hula, humtania kidogo, na kesi ikaishia hapo. Kwa Wafini ni desturi ya busara, maana inamwezesha mtu kuomba radhi bila kufungua mdomo isipokuwa kwa kutafuna.

"Leo tumekula!" alisema Jouni, mtundu wa ofisi, huku akichukua mbili kwa mpigo. "Mzee Ilpo, uwe unaharibu kila wiki."

"Kaoka mke wangu Kaarina," Ilpo akajibu. "Ningeoka mimi, mngeniomba niendelee kuharibu programu tu."

Wakacheka. Henriikka Salmela, kiongozi wao, alicheka pia, akachukua pulla moja akaiuma. Haikupita. Aliisukuma kwa kahawa, ikakwama tena chini kidogo, akabaki kaishika mkononi asijue aitupe wapi. Katika chumba kile cha watu saba, yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba kosa halikuwa la Ilpo. Lilikuwa lake yeye, na sasa alikuwa analila mbele ya macho ya Ilpo aliyelibebeshwa.

Ofisi hiyo ya mjini Kuopio ilitengeneza programu ya wauguzi wanaowazungukia wazee majumbani. Kila asubuhi muuguzi hufungua simu yake akakuta orodha ya wazee wake wa siku hiyo, wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaingia kwenye gari na kuifuata. Hakuna la ajabu hapo. Ila nyuma ya orodha hiyo kulikuwa na majaribio mia kadhaa, vijiprogramu vidogo ambavyo kazi yake ni kuuliza swali moja tu: hiki ulichonipa ndicho nilichokitarajia? Kikiwa ndicho, rangi ya kijani. Kisipokuwa, nyekundu. Na ikiwa nyekundu, kazi haitoki nje ya mlango.

Na ni nani aliyeyasimamia majaribio hayo kwa ukali wa mama mkwe? Ni Henriikka huyo huyo. Alikuwa na msemo ambao Jouni aliuigiza hadi sauti: "Usinionyeshe kwamba vinafanana. Nionyeshe kwamba ni kitu kimoja." Kwa maana kuna mbili ya kuhesabia, na kuna mbili iliyoandikwa tu, kama namba ya kwenye mlango wa chumba. Ukizitazama ni mapacha. Kwa kompyuta moja ni hesabu na nyingine ni maandishi, na anayezichanganya atalia siku moja. Henriikka aliwaambia hivyo wageni wote wa kazi, na Ilpo alipofika mwezi wa kwanza alimwambia mara mbili, kwa sababu Ilpo alikuwa na miaka hamsini na minane na alikuwa ametoka kiwanda cha karatasi kilichofungwa, na fundi wa mashine za karatasi aliyerudi shule uzeeni humfanya mtu amwonee shaka kabla hajamwona akifanya kazi.

Shaka hiyo haikudumu. Ilpo alikuwa mtu wa makini. Aliandika majaribio yake kama alivyofundishwa, makali, ya kitu kimoja na si ya kufanana.

Sasa ije Alhamisi ile ya kabla ya juhannus. Kesho yake ndio mkesha wa sikukuu ya katikati ya kiangazi, na hakuna Mfini mwenye akili anayetaka kuukuta mkesha huo yuko mjini. Henriikka na Ilpo walikuwa wameketi pamoja kwenye kompyuta ya Ilpo tangu asubuhi. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi pale: watu wawili, kompyuta moja, mmoja anaandika na mwingine anatazama, kisha wanabadilishana. Chochote kinachoandikwa huingia kwenye kumbukumbu kwa jina la mwenye kompyuta, na hakuna aliyewahi kuona ubaya wake, kwa kuwa walikuwa wakiaminiana.

Asubuhi kulikuwa na majaribio mekundu kumi na moja. Kufika saa saba mchana walikuwa wameyatengeneza tisa. Simu ya Ilpo ikalia. Alikuwa mkewe, akitaka kujua anunue samaki wangapi wa kuchoma.

"Nenda kaongee naye," Henriikka akamwambia. "Haya mawili nitayamaliza."

La kwanza alilimaliza vizuri. La pili lilisimama mbele yake jekundu, likisema lilitarajia mbili ya hesabu na limeletewa mbili ya maandishi. Namba za zamu za wazee kwenye orodha zilikuwa zinatoka kwa mteja, mwajiri wa wauguzi, zikiwa maandishi. Dawa yake aliijua: zigeuzwe kuwa hesabu palepale zinapoingia, sehemu zote kumi na mbili, kazi ya nusu siku. Chini barabarani mumewe Tero alikuwa ameshafika na gari, watoto wawili na mbwa mmoja ndani, na kwenye simu ya Henriikka kulikuwa na ujumbe wake wa tatu: Vipi?

Basi akavuta kibodi. Hakuigusa programu. Aligusa jaribio. Aliliambia kwamba kabla ya kulinganisha, lizigeuze pande zote mbili ziwe maandishi. Mbili na mbili, mapacha wamevikwa nguo moja, nani atawatofautisha? Kijani. Akahifadhi, akatuma. Hazikupita dakika mbili. Ilpo aliporudi alimkuta amevaa koti.

"Yamekubali?"

"Yote. Nenda nyumbani, Ilpo. Juhannus njema."

"Na wewe pia. Ulimi wako ni mpole leo, sijauzoea," Ilpo akasema, akazima kompyuta.

Henriikka alikusudia kulirudia jaribio lile baada ya sikukuu. Namuamini kabisa. Lakini baada ya sikukuu likaja jingine, na baada ya jingine likaja jingine, na jaribio likabaki kijani, na kitu cha kijani hakimkumbushi mtu chochote.

Kwa wiki mbili hakuna kilichoharibika. Muuguzi wa kawaida huwa na wazee saba au wanane kwa asubuhi, na kuanzia moja hadi tisa maandishi na hesabu hupangika sawasawa. Kisha ukaingia Julai, nusu ya wauguzi wakaenda likizo, na waliobaki wakapewa wazee kumi na watatu kila mmoja. Hapo ndipo kompyuta ikafanya kile ambacho maandishi hufanya. Hupangwa kama majina kwenye daftari la darasa, kwa kutazama alama ya kwanza kabla ya nyingine. Moja ikaja mbele. Halafu kumi, kwa sababu inaanza na moja. Halafu kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Ndipo ikaja mbili.

Wa pili kwenye orodha moja, katika mji mdogo wa kaskazini, alikuwa bibi aliyeitwa Aune Hietanen, mwenye miaka themanini na minne na kisukari. Muuguzi wake humfikia saa mbili asubuhi, akamchoma sindano, akampikia uji. Siku hiyo muuguzi alikuwa wa muda, hakuijua njia, akafuata simu kama alivyoagizwa. Aune alingoja. Saa tano akaona angojee nini tena, akainuka kwenda kuichukua sindano kwenye friji mwenyewe. Alikutwa sakafuni saa sita na robo, nyonga imevunjika, bado ameshika mpini wa mlango wa friji. Alipona, nasema mapema ili usihangaike. Lakini kutembea kwake sasa ni kwa kigari cha kusukuma, na nyumbani kwake hakurudi tena.

Walipotafuta chanzo, Jouni ndiye aliyefungua kumbukumbu za mabadiliko, wote wamesimama nyuma ya kiti chake. Alishuka mstari kwa mstari hadi kwenye jaribio lililolegezwa. Tarehe ya kabla ya juhannus. Jina: Rautjärvi.

Ilpo aliinama, akausoma mstari ule, akausoma tena. Midomo yake ilicheza kidogo.

"Ni jina langu," akasema mwishowe.

Henriikka alikuwa amesimama kwa nyuma kabisa. Alifungua mdomo. Naapa aliufungua. Lakini Marketta Ojala, mkurugenzi wao, aligeuka akamtazama yeye, kiongozi, na kusema, "Henriikka, andika taarifa ya mteja leo hii," na mdomo ukafungwa. Akajiambia atasema jioni watu wakipungua. Jioni akajiambia atasema kesho. Na alipoketi kuandika taarifa, vidole vyake vyenyewe vikaandika kwamba kosa lilifanywa na mfanyakazi mpya. Angeweza kuandika "mfanyakazi" na kuishia hapo. Neno "mpya" hakulazimishwa na mtu, na ndilo lililomkosesha raha kuliko yote. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema wahenga, lakini huu ulikuwa wake mwenyewe, na kila alipomwona Ilpo ameubeba, mabega yake yeye ndiyo yaliyouma.

Ndiyo maana pulla ile ya Jumatatu haikupita.

Jumatano Marketta akamwita ofisini, akafunga mlango.

"Miezi sita ya Ilpo ya kupimwa inaisha Ijumaa," alisema. "Nikitaka kumwachisha kazi, ni Ijumaa, baada ya hapo inakuwa vita. Nambie neno moja tu."

"Ni mtu mzuri."

"Sijakuuliza uzuri wake. Hata shangazi yangu ni mtu mzuri. Nakuuliza, utamkabidhi majaribio tena?"

Swali rahisi. Ndiyo, na sababu ya ndiyo. Henriikka alitazama maua ya plastiki dirishani. Alifikiria miaka tisa aliyokaa pale, jina lake, wageni wote aliowafundisha, Jouni akimwigiza. Alifikiria Marketta akimwuliza: na taarifa uliiandikaje?

"Nipe hadi Ijumaa asubuhi," akasema.

"Sawa. Lakini ukininyamazia, nitaelewa jibu."

Alirudi mezani kwake akajichukia. Lakini chuki ya nafsi haimfikishi mtu mbali. Hukaa pale pale, ikijinenepea.

Alhamisi kwa Wafini ni siku ya supu ya njegere. Henriikka alikuwa anakula peke yake kwenye kona Ilpo alipokuja na sahani yake akakaa mbele yake. Hakushika kijiko.

"Nina neno," alisema. "Nilitaka ulisikie wewe kabla ya Marketta. Kesho naacha kazi mwenyewe."

"Ilpo, hapana. Kosa moja tu..."

"Si kosa." Ilpo aligeuza sahani kidogo, kama aliyekuwa akitafuta upande wake wa mbele. "Kosa nalijua mimi. Kiwandani nimewahi kukata karatasi ya kilomita nne kwa upana usio wake, nikaleta pulla za watu mia moja. Ningekuwa nimekosea, ningekubali, ningekaa. Shida ni kwamba sikumbuki."

"Hukumbuki nini?"

"Kuandika ule mstari. Mingine tuliyoiandika pamoja siku ile naikumbuka yote, naweza kukusomea hapa. Huo mmoja, wala. Nimeutazama siku hizi zote kama maandishi ya mtu mwingine." Akaitazama supu yake. "Baba yangu alianza hivyo hivyo. Alilipaka banda la mashua rangi ya bluu, kisha akatuuliza nani kalipaka. Alikuwa na miaka sitini. Baada ya miaka mitatu alikuwa hamjui mama."

Henriikka aliweka kijiko chini. 

"Labda si wewe," alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Labda..."

"Nililifikiria hilo pia," Ilpo akasema, na uso wake ukaiva kwa aibu. "Nitakwambia ukweli, unisamehe. Siku moja niliwaza kwamba labda ni wewe, kwamba lilikuwa mojawapo ya yale mawili uliyoyamaliza nilipokwenda kuongea na Kaarina. Nikajionea haya. Wewe? Wewe usiyemsamehe mtu hata nukta? Nikajiambia, Ilpo, sasa unawatafutia wenzako makosa ili kichwa chako kiwe kizima. Basi nimepata miadi kwa daktari wa kumbukumbu, kesho saa tisa. Kaarina halali siku hizi. Anajifanya yuko jikoni anaoka."

Hapo ndipo pa kusema, msomaji, nami ningependa kukwambia alisema. Maneno alikuwa nayo. Yalikuwa mawili tu: ni mimi. Lakini alimtazama mtu yule akiomba msamaha kwa kumshuku, ilhali alikuwa amemshuku kwa haki kabisa, akachukua neno jingine.

"Pole, Ilpo," akasema.

"Asante," Ilpo akajibu, akaanza kunywa supu iliyokwisha kupoa.

Jioni Henriikka alimweleza Tero kila kitu, wamekaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba. Tero alisikiliza hadi mwisho. Si mtu wa maneno.

"Wewe ndiye uliyekuwa unapiga kelele 'Vipi?' kwenye simu," Henriikka alimwambia, akiwa bado anatafuta wa kumgawia lawama.

"Ndiyo," Tero alisema. "Na wewe ndiye uliyekuwa na kibodi."

Ijumaa saa tatu kasoro robo Henriikka aliingia ofisini na sanduku la karatasi kutoka duka la mikate. Aliliweka kwenye meza ya kahawa, akalifungua. Pulla ishirini. Jouni ndiye aliyeziona kwanza.

"Jamani! Henriikka kaharibu kitu? Vaeni makoti, theluji itaanguka Julai!"

Watu wakaja wakicheka. Marketta akaja na kikombe chake. Ilpo akaja wa mwisho, bahasha mkononi, akaona sanduku, akakunja uso kama asiyeelewa. Henriikka alisimama. Alikuwa ameandaa maneno usiku kucha, na yote yakamkimbia, yakabaki yale mawili.

"Ni mimi," alisema. "Lile jaribio. Kabla ya juhannus. Ilpo alikuwa nje anaongea na simu, nikalilegeza mimi, kwenye kompyuta yake. Lilikuwa jekundu kwa haki. Ilpo aliliandika sawasawa kabisa. Mimi nilikuwa nataka kwenda nyumbani."

Jouni alikuwa na pulla mkononi, akairudisha sandukuni taratibu.

"Tangu siku tulipofungua kumbukumbu ulikuwa unajua?" Marketta aliuliza.

"Tangu kabla. Nilijua jaribio lilipotajwa tu. Na taarifa niliandika mfanyakazi mpya, nikijua."

Marketta aliweka kikombe chini. "Taarifa nyingine itaandikwa leo, na wewe na mimi tutampigia mteja pamoja. Kisha tutazungumza kama wewe ni kiongozi wa mtu hapa." Akamgeukia Ilpo. "Ilpo, sikia. Kazi yako ipo. Hiyo bahasha sitaipokea."

Ilpo alikuwa anamtazama Henriikka, na si kwa hasira. Henriikka aliingoja hasira, angeishukuru.

"Jana nilikueleza habari za baba yangu," Ilpo alisema.

"Ndiyo."

"Ukaniambia pole."

"Ndiyo."

"Nilikuamini wewe kuliko kichwa changu."

Hakuna pulla inayolipa neno kama hilo, na Henriikka hakujaribu. Ilpo alitoa simu mfukoni, akatoka kwenda ukumbini, akaufunga mlango wa kioo. Lakini ni mlango mwembamba ule, na wote walikuwa kimya.

Henriikka alikwenda mezani kwake, kwenye kompyuta yake mwenyewe, akalifungua lile jaribio. Programu yenyewe walikuwa wameitia kiraka haraka siku ile ya ajali, ila jaribio hakuna aliyekuwa ameligusa. Aliufuta mstari wake. Akalirudisha kama Ilpo alivyoliandika, kitu kimoja na si cha kufanana. Likawa jekundu papo hapo, maana mlangoni namba bado zilikuwa zinaingia zikiwa maandishi, sehemu zote kumi na mbili. Akalihifadhi hivyo hivyo, kwa jina lake, Salmela, ili lionekane na kila mtu.

Ukumbini Ilpo alikuwa ameupa mlango mgongo, mkono mmoja juu ya kichwa, kama aliyekuwa akikishika kisianguke.

"Kaarina?" alikuwa akisema. "Si kichwa. Hapana, nasema si kichwa changu. Mtu kaniambia. Si kichwa, mke wangu, acha kuoka."

Marketta alimwita Henriikka waende kumpigia mteja, naye akainuka akaenda.